Unguja: pa kutazama na pa kuishi

Kila anayepanga kuhamia Unguja, awe ametoka Dar es Salaam, Mombasa, Pemba au Maskati, huanza kwa kuulizia pwani. Nungwi pakoje? Paje nyumba zinapatikana? Matemwe je? Ni maswali ya haki, kwa sababu bahari ya kisiwa hiki ni nzuri kwelikweli, na mtu hahami kwao kuja mahali penye sifa kama hizi ili aishi uso kwa ukuta. Lakini katika kazi yangu ya kupanga makazi nimeona familia nyingi zikikodi nyumba kwa kuangalia bahari, kisha mshahara ukaishia kwenye boza la maji, nauli, na kodi iliyopandishwa wageni walipojaa. Ningetamani waanze na kitu ambacho hakuna anayekipiga picha, nacho ni udongo.

Unguja ni kisiwa kidogo, urefu wake kilometa zipatazo 85 na upana usiofika 40, ila ardhi yake ni ya namna mbili zisizofanana. Magharibi na katikati kuna udongo wenye kina, mwekundu mahali pengine na wa kahawia pengine, pamoja na vilima vifupi. Hata Masingini, palipoinuka kuliko pote, ni mita 120 hivi. Mashariki na kusini ni maweni: mwamba wa matumbawe ya kale ambao udongo wake umejificha kwenye nyufa na vishimo, hata mkulima hulazimika kutafuta shimo la kupandia mhogo wake. Wenyeji huita ardhi hiyo uwanda. Mvua nayo hunyesha zaidi magharibi.

Mambo mengine yote yalifuata mgawanyo huo. Mikarafuu na minazi ya karne ya 19 ilipandwa penye udongo. Mji ukakua karibu na mashamba na bandari, na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akavuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za kaskazini ya mji. Barabara, skuli, hospitali na afisi za Serikali zikajengwa walipo watu, na watu walikuwa wamekaa penye maji. Hali ni hiyo hadi leo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,332 Unguja, na kati yao 893,169 wanaishi Mkoa wa Mjini Magharibi, wenye kilometa za mraba 230 tu katika kisiwa cha takriban 1,660. Miaka kumi kabla ya hapo mkoa huo ulikuwa na watu 593,678.

Kisha utalii ukaja ukaipindua bei. Zanzibar ilipowafungulia milango wawekezaji katikati ya miaka ya 1980, waliokuja hawakuhitaji udongo wa mikarafuu. Walitaka mchanga mweupe, na mchanga mweupe uko upande wa maweni. Uwanda wa kukatia kuni na kuchungia mbuzi ukawa ghali kuliko konde la magharibi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 700,000, na sehemu kubwa ya vitanda vyao imepangwa kwenye ukanda huo mwembamba wa pwani. Huduma hazikukimbia kwa kasi ya bei. Matokeo yake ni kwamba upande mmoja wa kisiwa unalipia mandhari, na upande mwingine ndiko yaliko maji ya uhakika, daktari bingwa na soko la jumla. Ushauri wangu kwa familia isiyo na pesa za kuchezea ni kuishi pale ambapo mandhari haijapandishwa bei na huduma imekwisha kufika, kisha kuifuata bahari siku za mapumziko. Unguja hakuna kijiji kilicho mbali na bahari kwa zaidi ya kilometa ishirini.

Katika huduma zote, maji ndiyo yanayostahili uchunguzi mrefu. Unguja haina mto mkubwa wala ziwa la kutegemewa. Karibu maji yote ya bomba hutoka ardhini, kwenye visima vya Mamlaka ya Maji, ZAWA. Mvua inayozama hukusanyika chini na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo. Uwiano wake unashangaza. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna mita zipatazo 40 za maji matamu. Kisima kikivutwa mpaka maji yakashuka mita moja, mpaka wa chumvi chini yake nao huelekea kupanda mita 40. Magharibi tabaka ni nene, na kasoro hiyo huchelewa kuonekana. Karibu na ufukwe wa mashariki tabaka ni jembamba, mwamba umejaa nyufa, na pampu chache zenye nguvu zinatosha kuileta chumvi hadi kwenye ndoo.

Pampu zenye nguvu hazikosekani. Mtafiti Stefan Gössling alichapisha mwaka 2001 utafiti alioufanya pwani ya mashariki ya Unguja, akakadiria kwamba mgeni mmoja wa hoteli hutumia wastani wa lita 685 kwa siku, bustani na mabwawa ya kuogelea yakiwemo. Mwanakijiji hakaribii kiwango hicho hata siku ya harusi. Tangu wakati huo hoteli zimeongezeka mno, ingawa mabomba ya kutoka visima vya ndani ya kisiwa nayo yamefika vijiji vingi zaidi.

Kwa hiyo unapokwenda kukagua nyumba, liache dirisha na uende kwenye bomba. Yaonje maji. Osha mikono na uangalie kama sabuni inatoa povu. Ikikataa, jua kwamba mota, bomba za chuma na hita ya maji vitakugharimu mapema. Kisha mtafute jirani wa makamo, na usimuulize kama maji yapo, maana atakujibu kwa adabu kwamba yapo. Uliza saa. “Shikamoo bibi, maji hapa hutoka wakati gani?” “Marahaba, mwanangu. Hutoka usiku wa manane, siku moja kwa mbili. Ukilala umekosa.” Jibu la namna hiyo ndilo bajeti yako: tangi la chini, tangi la juu, mota ya kupandisha, na umeme wa kuiendesha. Nyumba ya bei nafuu isiyo na matangi mara nyingi si nafuu tena ukishayanunua.

Jambo la pili la kukagua ni karo. Nyumba nyingi nje ya katikati ya mji hutegemea shimo la choo, na wahandisi wamezoea kutaka angalau mita 30 kati ya karo na kisima. Kwenye udongo wenye kina, umbali huo husaidia, kwa sababu udongo huchuja. Kwenye maweni ni tofauti: maji machafu hupita kwenye ufa moja kwa moja, na huweza kusafiri mbali bila kuchujwa hata kidogo. Nyumba ya pwani yenye kisima chake uani, iliyozungukwa na nyumba za wageni zenye makaro yao, hainifurahishi hata kama maji yake yanang'aa. Ukiipenda, panga kununua maji ya kunywa au kuyachemsha daima, na uwaambie watoto.

Umeme hautofautishi sana mahali na mahali. Kisiwa kizima hulishwa na waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Hitilafu ya 2008 iliiacha Unguja gizani karibu mwezi mzima, na nyingine ya Disemba 2009 ilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Cha kuuliza ni kama nyumba ina mita yake ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, au mtachangia na wapangaji wenzako, kwani mita ya pamoja huvunja ujirani.

Sasa mahali penyewe. Mji Mkongwe, uliotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, unawavutia wengi, nami naupenda kwa dhati. Kutembea kwa miguu hadi Darajani, msikitini, hospitali ya Mnazi Mmoja na bandarini ni utajiri ambao vitongoji havina. Lakini nyumba zake ni za mawe na chokaa, na chokaa inahitaji kupumua. Mwenye nyumba akiziba nyufa kwa saruji, unyevu hunaswa ndani ya ukuta, boriti huoza, na hatari huanza kimya kimya. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, nayo ni jengo la 1883 lililokuwa likijulikana na kulindwa. Nyumba za watu binafsi hazina ulinzi wa kiasi hicho. Kabla ya kukodi, panda hadi darini, tazama boriti zinapoingia ukutani, na ukiona rangi mpya iliyopakwa chumba kimoja tu, uliza inaficha nini.

Ng'ambo, ambako ndiko mji halisi wa watu wengi, ina faida zote za ukaribu na kodi iliyo chini kidogo ya Mji Mkongwe. Ukipata fleti katika majumba ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume, utakuwa na soko mlangoni. Tahadhari ya Ng'ambo na vitongoji vinavyopakana nayo ni mabonde. Mji ulitanuka ukafunika mabwawa na njia za maji, na masika yanapofika, kati ya Machi na Mei, maji hurudi kwenye njia zake. Mwanakwerekwe imekuwa mfano wa miaka mingi. Mitaro mikubwa iliyojengwa miaka ya karibuni imepunguza tabu, ila nyumba iliyo bondeni bado iko bondeni. Maji yakisimama huchanganyika na makaro, na kipindupindu kimewahi kuzuka mjini katika mazingira kama hayo. Alama ya maji ya mwaka jana husomeka kwenye ukuta wa nje. Rangi hubadilika pale maji yalipofika.

Kwa mfanyakazi wa mjini mwenye watoto, mimi ningetazama kwanza njia ya Bububu. Kuanzia Mtoni na Kibweni hadi Bububu na Kihinani, udongo ni mzuri, maji ni ya upande wenye tabaka nene, daladala za 502 zinajulikana na kila mtu, na mji uko kilometa kumi au pungufu. Bei imepanda kwa sababu hizo hizo, lakini unalipia kitu utakachokitumia kila siku. Fuoni na Tomondo ni nafuu zaidi na zina misongamano yake ya asubuhi. Tunguu inakua haraka, kwani ndiko iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na inamfaa mwenye kazi huko. Baadhi ya viwanja vyake vimekaa juu ya mawe, kwa hiyo maji yachunguzwe nyumba kwa nyumba.

Fumba ni hadithi nyingine. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo la pamoja, wasio Wazanzibari wakiwemo, na rasi ya Fumba, karibu na uwanja wa ndege, imejengwa mitaa mipya yenye mitaro, taka zinazozolewa na maji yanayosimamiwa. Kwa huduma, panastahili sifa. Kwa bei, pamewalenga wenye dola, na juu ya bei kuna ada ya kila mwezi ya uendeshaji ambayo wanunuzi husahau kuipigia hesabu. Familia inayopokea shilingi na kulipa kwa dola imejitwika hatari ya kubadilisha fedha kwa miaka yote ya mkataba. Kwa familia kama hiyo, Fumba siipendekezi.

Kundi ambalo linanihuzunisha zaidi ni la wafanyakazi wa hoteli: wapishi, wahudumu, mafundi, walinzi. Kazi yao iko ufukweni, na ufukweni ndiko wasikomudu kuishi. Hata hivyo wengi hupanga chumba Paje au Nungwi kwa sababu zamu huisha usiku, saa ambazo daladala zimekwisha kulala. Swali la kwanza kwa mwajiri basi liwe la usafiri, kabla hata ya mshahara: gari la wafanyakazi lipo, linapita wapi, na la usiku hufika saa ngapi? Hoteli yenye gari inakuruhusu kuishi ndani zaidi ya kisiwa.

Upande wa kaskazini, Kinyasini, Mkwajuni na Kivunge ziko njiani kwenda Nungwi na karibu na Matemwe au Kiwengwa. Kivunge ina hospitali, na mboga zinatoka mashamba ya jirani, tofauti na Nungwi ambako hata mchicha husafiri na daladala ya 116 kutoka mjini, kilometa 60 hivi. Upande wa kusini ningechagua Makunduchi bila kusita. Ina hospitali, skuli, majumba ya ghorofa ya Serikali, na jamii yenye mizizi inayojua majirani zake. Kitogani nayo ina faida ya njia panda: barabara moja kwenda Paje, nyingine kwenda Kizimkazi na Makunduchi, na mji nyuma yako. Kumbuka tu kwamba kati ya Kitogani na mji utapita msitu wa Jozani, ambako matuta ya barabarani yamewekwa kwa ajili ya kima punju, na dereva mwenye haraka hujifunza subira.

Na kwa yule ambaye bado moyo wake uko ufukweni mwenyewe, ajue bahari ya mashariki inavyokaa. Maji yanapojaa kwa bamvua na kutoka, tofauti hufika mita nne. Kuanzia Jambiani hadi Matemwe kuna mwamba mbali na pwani, na maji yakitoka hubaki uwanda wa mchanga, madimbwi na mashamba ya mwani kwa saa kadhaa. Ni mandhari nzuri, na kwa wakulima wa mwani ndiyo afisi. Kwa aliyetarajia kuoga baharini kila asubuhi kabla ya kazi, ni mshituko. Nungwi na Kendwa haziathiriki sana na jambo hilo, na sehemu ya ughali wao inatokana nalo.

Kuhusu mkataba, wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Wakati wa mazungumzo ni Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache na mvua ikiwa mwalimu wako wa bure kuhusu paa na bonde. Anayekuja kutafuta nyumba Julai au Disemba hushindana na watalii. Karibu na fukwe, hakikisha mkataba unaandika waziwazi kwamba kodi haibadiliki msimu wa juu na kwamba huwezi kuombwa uhame ili chumba kikodishwe kwa siku. Uandikwe kwa shilingi, na ujulikane kwa Sheha, kiongozi wa shehia yako. Mgeni yeyote anayehamia shehia anatakiwa kujitambulisha kwake hata hivyo, na Sheha anayekufahamu ni msaada wa kweli siku ya mgogoro.

Kununua kiwanja kunahitaji tahadhari zaidi. Ardhi si jambo la Muungano. Kwa Sheria ya Ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais wa Zanzibar, na haki ya kuitumia hupewa Mzanzibari. Ndugu zetu wa Bara na wa nje waanzie kwenye kukodi au kwenye njia rasmi za uwekezaji, wasikubali kuandikiwa kiwanja kwa jina la rafiki. Hata Mzanzibari ana ya kuangalia. Vitongoji vingi vipya vimeota juu ya eka tatu, yale mashamba ambayo Serikali iliwagawia wakulima baada ya Mapinduzi ya 1964 ili walime, wala hayakukusudiwa kukatwa viwanja. Karatasi ya mauziano yenye saini ya Sheha haitoshi. Nenda Kamisheni ya Ardhi ukaulize matumizi yaliyopangwa na ramani ya upimaji.

Gharama za kujenga nazo hubadilika na mahali. Mchanga wa kujengea umekuwa adimu Unguja na uchimbaji wake unadhibitiwa na Serikali, na wa baharini una chumvi inayokula nondo ndani ya zege. Karibu na pwani, upepo wa kusi hubeba chumvi hadi kwenye mabati na misumari, hivyo paa la bei nafuu litabadilishwa mapema. Ufukwe wenyewe huhamahama kati ya kaskazi na kusi, na ukuta wa jirani unaweza kusukuma mmomonyoko hadi kwako.

Jambo la mwisho la kulikagua kiwanjani ni miti. Kwa desturi ya Unguja, mwenye ardhi anaweza kuwa mmoja na mwenye minazi mwingine, na mnunuzi aliyelipia kiwanja huweza kukuta familia nyingine inakuja kuangua nazi zake kwa haki kabisa. Hesabu minazi na miembe iliyomo, uulize kila mti ni wa nani mbele ya Sheha na wazee wa mtaa, na majibu yao yaingie kwenye maandishi kabla fedha haijatoka mkononi.